Mcheza Kwao Hutunzwa: Chale, Jina na Mkataba

Neno chale, kwa maana ya mtu achekeshaye watu, lina asili ya mbali. Limetokana na jina la Charlie Chaplin, mchekeshaji wa sinema zisizo na sauti, ambaye picha zake zilionyeshwa mijini mwetu zama za ukoloni. Ndivyo Kiswahili kifanyavyo: humpokea mgeni, kikamvika kanzu, mwishowe hakuna akumbukaye alikotoka.

Katika miaka ya 1940 vichekesho vilikuwa vimeshika mizizi Tanganyika. Chale alijipaka rangi usoni, akavaa nguo zisizomkaa, akaigiza mshamba aliyefika mjini au mtumishi asiyemwelewa bwana wake. Kicheko cha wakati huo kilikuwa na kasoro: mnyonge ndiye aliyechekwa. Baada ya Uhuru mkuki uligeuzwa. Mwenye nyumba mchoyo, mume mwongo, mkubwa wa ofisi apendaye rushwa, hao ndio waliotiwa kitanzini. Vikundi vikubwa, kama Muungano cha Norbert Chenga na TOT cha John Komba, viliweka vichekesho katikati ya ngoma, sarakasi na taarabu, katika onyesho moja la saa nyingi.

Katika mkondo huo alikua Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kujulikana kwa jina la King Majuto. Inasimuliwa kuwa alianza kuigiza mwaka 1958, akiwa mtoto. Silaha zake zilikuwa lafudhi ya pwani, uso ulionuna wakati wengine wakicheka, na jicho la kuona aibu ndogondogo za kila siku: deni lisilolipwa, uzee ujifanyao ujana, fedha ivunjayo heshima. Alitoka jukwaani akaingia katika filamu za video, kisha katika matangazo ya biashara.

Tanga hiyohiyo ndiyo iliyomzaa Shaaban Robert mwaka 1909. Lakini tazama tofauti ya urithi wao. Mshairi huandika, na kwa ada ya watunzi wetu, hutia jina lake katika ubeti wa tamati ili mali isipotee. Chale hutunga papo kwa papo. Hana mswada wala tamati. Saini yake ni uso na sauti. Na vitu hivyo, vikishanaswa na kamera, huweza kuuzwa mara elfu bila mwenyewe kuwapo.

Huko nyanda za juu, kwa mtu wa Mdandu katika nchi ya Wabena, mzaha si jambo geni. Utani wa makabila, ulioenea Tanzania nzima, humruhusu mtani kusema msibani neno ambalo jamaa wa marehemu hawathubutu kulisema, naye hupewa chake kabla ya kuondoka. Huo nao ni mkataba. Haukuandikwa, lakini pande zote mbili zinaujua, na mwenye kuuvunja huaibika. Biashara ya burudani ilichukua mzaha ikaacha sharti lake.

Sheria haikukosekana: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999. Hata hivyo, karatasi humlinda aliyeisoma kabla ya kutia saini. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ilizungumzwa hadharani, ikidaiwa kuwa malipo hayakulingana na faida. Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alitibiwa India, akarejea, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo akafariki katika Hospitali ya Muhimbili. Alizikwa kwao Tanga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno hili kutunza lina sura mbili. Kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi angali uwanjani, fedha ikibandikwa kwenye paji la uso huku ngoma ikilia. Kumtunza pia ni kumlea, kumhifadhi asidhurike. Majuto hakupungukiwa na utunzaji wa kwanza. Nchi nzima ilimpa vifijo. Wa pili ndio uliochelewa, na ulipokuja ulimkuta kitandani. Chale ajaye atahitaji yote mawili, na la pili liandikwe kabla pazia halijafunguliwa.