Koti la Ofisa wa Prussia, 1910–1915

Umri wa koti hili la sufu ya kijivu-kijani unasomeka kwenye vifungo. Rangi hii ilianza kwa amri ya 1910. Kabla yake askari wengi wa Prussia walivaa buluu iliyokolea. Hapa vifungo vinane vya kifuani viko wazi, na utepe mwekundu wa askari wa miguu umeshonwa ukingoni. Amri ya Septemba 1915 ilileta koti rahisi zaidi kushona, vifungo vikifichwa chini ya pindo. Basi mtindo huu ni wa kati ya miaka hiyo.

Atakayepinga atasema maofisa walijinunulia sare kwa mafundi wao, na baadhi waliendelea kuvaa za zamani hata baada ya 1915. Ni kweli, ndiyo maana tunataja miaka ya mtindo, si ya kuvaliwa. Mwingine ataanzia mabegani, penye nyota moja ya luteni wa kwanza (Oberleutnant). Lakini alama za bega hufunguliwa zikahamishiwa koti jingine. Mshono wa kola, matundu ya vifungo na bitana iliyofifia kwa jasho havihamishiki kirahisi, na ndiyo sababu koti hili limehifadhiwa bila kufuliwa wala kutiwa viraka.