Kombi, milima na hesabu ya nguvu za farasi

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze magari. Msihofu, tutarudi.

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, matope na milima. Ukitazama orodha ya washindi wa miaka ya mwanzo utaona jina la Volkswagen mara nne: 1953, 1954, 1957 na 1962. Ile ya 1953 ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 25 tu! Pikipiki kubwa za leo zinaishinda.

Ilishindaje? Injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye mlima wenye matope matairi yalishika. Tena ilipozwa kwa hewa. Haikuwa na rejeta ya kuchemka wala maji ya kuishiwa.

Nilianza kuchimbua haya kwa sababu mjomba wangu hapa Mutomo amenunua Kombi ya miaka ya 1970, ile yenye kitanda na jiko ndani. Anataka kuipandisha Limuru, halafu ateremke Bonde la Ufa hadi Naivasha. Mafundi wawili wamemwambia haitafika, ang'oe injini atie kubwa zaidi. Pesa zenyewe zingetoka kwa ng'ombe wawili.

Hebu tupige hesabu. Injini yake ya sisi 1600 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 47. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inapungua. Limuru iko karibu mita 2,200, basi zinabaki kama 37.

Sasa chukua gari la tani 2, pamoja na abiria na mizigo, kwenye mwinuko wa mita 7 kwa kila mita 100. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kuliinua tu kunadai nguvu za farasi 31, na bado hujalipa upepo, matairi na zinazopotelea kwenye gia. Haiwezekani. Punguza hadi 30: kuliinua kunadai 15 au 16 tu. Mlima ni uleule, mzigo ni uleule, umebadilisha muda peke yake. Nilimwonyesha mjomba karatasi hiyo, na ng'ombe wamebaki zizini.

Waliotutangulia waliijua hesabu hii. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Mbele yake kulikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Kabla njia ya kudumu haijakamilika, mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma kwenye reli za muda, uzito wa linaloshuka ukisaidia kuvuta linalopanda. Mwaka 1901 reli ilifika ziwani Victoria. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wafungwa wa kivita wa Kiitalia walichonga barabara ya Mai Mahiu kwenye ukingo huohuo, na kanisa dogo walilojenga mwaka 1942 bado lipo kando ya barabara.

Hatari kubwa kwenye ukingo ule ni kushuka. Nishati uliyoilipia kuliinua gari inarudi, na ukiiachia breki peke yake zitapata moto hadi ziache kushika. Shuka kwa gia ndogo, ileile ambayo ungepandia. Kabla ya safari kagua breki, mkanda wa feni na mafuta ya injini, maana injini ya hewa ikikosa feni haina msaada mwingine.

Sisi wa programu tunapenda kung'oa injini. Programu ikiwa nzito, tunamwambia mteja anunue kompyuta mpya. Lakini M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilifanya kazi kwenye simu ndogo za kawaida, kwa menyu na ujumbe mfupi, na ndiyo maana ilifika hadi vijijini huku. Kabla hujamwambia mtu kifaa chake hakifai, kwanza jaribu gia ndogo.