Kiongozi (gazeti la Tanga)

Kiongozi lilikuwa gazeti la Kiswahili lililotolewa Tanga, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kati ya 1904 na 1916. Lisichanganywe na gazeti la Kanisa Katoliki la jina hilohilo, lililoanzishwa baadaye Tabora.

Lilichapishwa katika shule ya serikali ya Tanga, ambako uchapaji ulifundishwa pamoja na useremala. Utawala ulitaka sauti yake ifike hadi bara, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Lakini uhai wa gazeti ulitoka kwa waandishi wake wa mikoani: walimu, makarani na maakida (maofisa wa serikali waliosimamia vijiji) waliopeleka habari za mvua, mavuno, simba waliosumbua vijiji, safari za wakubwa, vifo na harusi. Mashairi nayo yalipata nafasi. Kwa mtafiti wa leo, barua hizo fupi zina thamani kuliko matangazo yote ya serikali, kwa kuwa ndimo Waafrika wanamozungumza wenyewe.

Ushindani ulikuja 1910, yalipoanza magazeti ya Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikayazima yote. Waingereza waliiteka Tanga Julai 1916.

Lakini tabaka la wasomi lililoyaandikia magazeti hayo halikutoweka. Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, na karani wa serikali Tanga, aliongoza uanzishwaji wa chama cha watumishi Waafrika mjini humo 1922. Mwaka 1931 alitoa ushahidi London kuhusu mpango wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki.