Mfereji Uliochongewa Utumbo

Dabalbesi ikianza kukoroma baada ya kufungwa nyuzi mpya, lawama huangukia uzi. Mimi huanzia kizingitini, kile kipande cha abunusi kilicho juu ya shingo, chenye mifereji minne ya kupitishia nyuzi. Naupiga uzi mtupu, unakoroma. Naubana kwa kidole nusu toni mbele, unaimba safi. Basi ugonjwa uko mferejini, na ugonjwa huo una umri mkubwa kuliko besi nyingi ninazoletewa hapa Unguja.

Kwa karne nyingi nyuzi zilikuwa utumbo wa kondoo, unaooshwa, kukwanguliwa, kusokotwa ungali na maji, kisha kukaushwa ukiwa umevutwa. Fidla iliridhika nao. Dabalbesi ilidai utumbo mnene kama kamba, mzito kuitika. Katika nusu ya pili ya karne ya 17 mafundi wa Ulaya walianza kuuzungushia waya mwembamba, uzi ukapata uzito bila kunenepa sana. Hata hivyo besi za nyuzi tatu, badala ya nne, ziliendelea kutumika: Domenico Dragonetti, aliyefariki London mwaka 1846, alijijengea jina kwa besi ya nyuzi tatu, na Giovanni Bottesini akafuata.

Utumbo hulegea, na ukipigwa huyumba kwa upana. Kwa hiyo mafundi waliuinua mbali na ubao wa vidole, wakauchimba ubao kidogo katikati, wakachonga mifereji mipana. Wapigaji wa New Orleans kama Pops Foster waliugeuza umbali huo kuwa mali: waliuvuta uzi na kuuachia ujipige ubaoni, mlio wake ukasikika kama ngoma bila umeme wowote. Naupenda mpigo huo kupita kiasi.

Kisha ikaja chuma. Kampuni ya Thomastik-Infeld ilianzishwa Vienna mwaka 1919, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyuzi zenye kiini cha chuma zilienea, kwenye jazi hasa miaka ya 1960. Chuma ni chembamba, kinakaza zaidi, hakiyumbi sana. Wapigaji wakashusha nyuzi karibu na ubao, mkono ukapata wepesi. Lakini besi ya zamani ilibaki na mifereji ya utumbo. Uzi mwembamba ukilala ndani yake hupata nafasi ya kutikisika ubavuni, au huzama hadi ukagusa ubao.

Taarab yetu iliipokea dabalbesi ilipofuata okestra za Misri. Katika joto na unyevu wa pwani, utumbo hunywa maji hewani na kupoteza sauti yake, kwa hiyo chuma kilipata wateja mapema.

Dawa ni kazi ya subira. Nabadilisha uzi mmoja mmoja, maana nyuzi zote zikilegezwa pamoja, kijiti kinachosimama ndani chini ya daraja huweza kuanguka. Kwa majaribio naingiza kipande cha karatasi chini ya uzi mferejini. Koromo likikoma, nachonga kizingiti kipya, mfereji ukiwa wa mviringo wa uzi wenyewe, na mteremko mdogo kuelekea vigingi. Naupaka risasi ya penseli ili uzi uteleze. Kizingiti cha zamani nakifunga kitambaani na kukirudisha pamoja na besi, kwa sababu wapo wapigaji wanaorudi kwenye utumbo: Charlie Haden aliuweka kwenye nyuzi zake mbili za juu, akaacha chuma kwenye zile za chini.