Nzige wa Rukwa na Kuvu Iliyowashinda

Mkulima wa Tingi, katika eneo la Ziwa Nyasa, aweza kudhani kwamba mbuga za Rukwa ziko mbali naye. Historia yamkanusha. Mbuga hizo, ambazo hujaa maji na kukauka, ni miongoni mwa mazalio machache ya nzige wekundu. Na kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi yao yalitanda juu ya sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini.

Funzo lilikuwa dhahiri: nzige hushindwa kwao, kabla hawajaruka. Kwa hiyo mwaka 1949 liliundwa shirika la mataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Lakini silaha ya miaka mingi ilikuwa sumu, nayo sumu haichagui. Rukwa na Katavi ni makao ya tembo, viboko na twiga; na ndege wengi hula nzige.

Jibu lilipatikana kwa adui wa asili wa mdudu huyo. Kuvu iitwayo Metarhizium huota juu ya gamba lake, hulitoboa kwa vimeng'enya, kisha humla kwa ndani. Tangu mwaka 1989 wataalamu waliishughulikia, wakateua aina iliyotoka kwa panzi wa Niger. Walipovichanganya vijimbegu vyake na mafuta badala ya maji, viliweza kuchipua hata katika hewa kavu.

Jamaa za kuvu hii zina hazina nyingine. Mwaka 1961, huko Japani, zilielezwa destruksini, kemikali zipoozazo wadudu. Siklosporini nayo, dawa inayozuia mwili kuikataa figo ya mtu mwingine, hutoka kwa kuvu ambayo mwaka 1996 ilibainika kuwa hushambulia mabuu ya mbawakawa.

Mwaka 2009 nzige walizidi katika Katavi, Rukwa na bonde la Mto Malagarasi. Dawa ya kuvu, Green Muscle, ilinyunyizwa juu ya hekta 10,000 hivi, na baa likazuiwa. Hata hivyo, kuvu huua kwa juma moja hadi matatu; haimwokoi mkulima ambaye shamba lake limekwisha kuvamiwa. Chakula cha Tingi, basi, humtegemea mlinzi wa Rukwa aonaye mapema.