Tangazo, Duka na Darasa: Kusoma Maandishi ya Umma katika Koloni la Sierra Leone, 1808–1898

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa mtihani, tangazo ni utungo tuliouzoea mno. Tunalifunza pamoja na ilani, notisi na onyo katika insha za uamilifu: kichwa kiwe na herufi kubwa, ujumbe uwe mfupi, tarehe isisahauliwe, na mwishoni pawe na jina na cheo cha mtangazaji. Mtahiniwa akiyazingatia hayo hutuzwa alama zake, na mambo huishia hapo. Ni nadra kumwuliza mwanafunzi swali lililo gumu zaidi: tangazo hili limemfanya nani msemaji, na limemnyamazisha nani?

Makala haya yanadhamiria kulishughulikia swali hilo kwa kutalii historia ya koloni moja la Waingereza, yaani Sierra Leone katika Afrika Magharibi. Tutaangazia mambo matatu yaliyokwenda sambamba mjini Freetown: maandishi ya umma, biashara na elimu. Utaona, msomaji, kwamba mbinu tunazozitumia kuhakiki riwaya na tamthilia zinafaa pia kuhakiki maandishi yaliyochongwa langoni.

Usuli wa koloni

Mji wa Freetown ulianzishwa mwaka 1792 na takriban watu weusi 1,200 waliotoka Nova Scotia, Kanada. Wengi wao walikuwa watumwa wa zamani waliojiunga na upande wa Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1800 waliongezewa Wamaroon zaidi ya 500, ambao asili yao ilikuwa Jamaika. Mwanzoni eneo hili lilitawaliwa na kampuni. Bunge la Uingereza lilipoharamisha biashara ya watumwa mwaka 1807, Sierra Leone ikawa koloni la Mfalme tarehe 1 Januari 1808.

Tangu hapo manowari za Uingereza zilianza kuzikamata jahazi za watumwa baharini na kuzileta Freetown. Mahakama ilizichunguza jahazi hizo, na abiria waliokuwa wamefungwa minyororo wakatangazwa kuwa huru. Kwa muda wa takriban nusu karne, watu zaidi ya 80,000 waliteremshwa katika bandari hiyo. Walitoka Uyoruba, Uigbo, Nupe, Kongo, na hata upande wa Msumbiji. Hao ndio wahusika wakuu wa historia yetu.

Lango na sarufi yake

Waliposhushwa, watu hawa walipelekwa katika ua uliozungushiwa ukuta, ulioitwa ua wa Mfalme. Mwaka 1817, wakati wa Gavana Charles MacCarthy, lango lake lilichongwa maandishi ambayo yamedumu hadi leo. Maandishi hayo yanaeleza kuwa hapo ni hospitali na makimbilio ya Waafrika waliookolewa kutoka utumwani kwa ushujaa na ufadhili wa Waingereza.

Tuyachambue kama tunavyochambua sentensi darasani. Waafrika wametajwa kwa kauli ya kutendwa: wao "waliokolewa". Mtendaji ni Mwingereza, naye amepambwa kwa sifa mbili, ushujaa na ufadhili. Waafrika hawana jina, kabila wala kijiji. Hawana kitendo hata kimoja walichokifanya wenyewe. Aidha, maandishi yako kwa Kiingereza, lugha ambayo waliopita chini ya lango hilo hawakuijua siku walipofika. Je, hadhira ya tangazo hili ilikuwa nani? Bila shaka haikuwa wale waliotajwa ndani yake.

Vilevile kuna yale yaliyoachwa. Safari ya takriban kilomita 30 kupanda mto kutoka Freetown inakufikisha kisiwa cha Bunce. Hapo palikuwa na ngome ya wafanyabiashara wa Uingereza, ambayo kwa miaka mingi iliwauza watu kwenda ng'ambo. Jiwe la lango halikulisema hilo. Katika uhakiki tunaliita jambo hili ukimya wa matini, na mhakiki mzuri huuhesabu ukimya pamoja na maneno.

Hata neno "kuokolewa" lenyewe linastahili kupimwa. Sheria ya 1807 iliruhusu wanaume waandikishwe jeshini, na wengine wawekwe chini ya mabwana kama wanagenzi kwa muda usiozidi miaka 14. Mnamo 1808 Gavana Thomas Perronet Thompson aligundua kwamba baadhi ya watu waliokombolewa walikuwa wamegawiwa walowezi kwa malipo ya dola 20 kila mmoja. Aliukemea mtindo huo waziwazi na kuuita kwa jina lake, yaani utumwa. Haukupita muda mrefu kabla ya yeye kuitwa arudi Uingereza. Mkweli, kama wasemavyo wahenga, hana rafiki.

Sajili na sauti

Ndani ya lango kulikuwa na maandishi ya aina nyingine. Makarani waliandika sajili za waliokombolewa: jina, umri, kimo, na alama za mwilini kama vile chale. Karani aliliandika jina jinsi alivyolisikia, mara nyingi akilivuruga. Hata hivyo, sajili hizo zimehifadhi kile ambacho lango lilikifuta. Kila mstari una mtu, na mtu huyo ana jina alilopewa na wazazi wake.

Miaka kadhaa baadaye, mmishonari Mjerumani Sigismund Koelle, aliyefunza katika chuo cha Fourah Bay, aliwahoji wakazi wa Freetown kuhusu lugha zao. Mwaka 1854 alichapisha kitabu chake, *Polyglotta Africana*, kilicholinganisha msamiati wa lugha zaidi ya 100 za Kiafrika. Koelle hakuandika maneno tu. Alieleza pia watoa habari wake walikuwa nani, walikotoka, na jinsi walivyotekwa: mmoja vitani, mwingine kwa hila, mwingine kwa ajili ya deni. Kwa mwalimu wa lugha funzo liko wazi. Orodha ya msamiati, ikikusanywa kwa heshima, yaweza kuwa hazina ya maisha ya watu.

Biashara: kununua kilichokununua

Gazeti la serikali lilianza kutolewa chini ya MacCarthy mnamo 1817. Katika koloni kama hili, tangazo la serikali na tangazo la biashara viliishi ukurasa mmoja. Jahazi iliyohukumiwa mahakamani iliuzwa kwa mnada, pamoja na shehena yake. Hapa ndipo historia inapopata kinaya kinachoweza kumfaa mwandishi yeyote wa tamthilia. Watu walioletwa Freetown ndani ya matumbo ya jahazi hizo walichanga fedha, wakaenda mnadani, wakanunua bidhaa zilizonyakuliwa na hata jahazi zenyewe. Mnamo 1839 baadhi yao walisafiri kwa jahazi kama hiyo kuelekea Badagry, katika nchi ambayo leo ni Nigeria, ili kufanya biashara na kuwatafuta jamaa zao. Wengi waliwafuata, na kizazi chao huko kikaitwa Wasaro.

Mtaji ulitoka wapi? Wayoruba walikuwa na desturi ya esusu: kila mwanachama hutoa kiasi fulani kwa zamu, na mmoja huchukua jumla yote. Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu mama yake yumo katika chama cha aina hiyo. Wanawake hawakubaki nyuma. Waliuza vyakula na nguo sokoni, wakapanda mito kwenda kufanya biashara bara, na wengine wakajenga nyumba za mawe.

Mfano mashuhuri ni John Ezzidio, Mnupe aliyefikishwa Freetown mwaka 1827 akiwa mtoto. Alitumikia dukani, akajifunza kazi, kisha akawa mfanyabiashara mkubwa. Mwaka 1845 alikuwa meya wa Freetown, na mwaka 1863 wafanyabiashara wakamchagua kuwa mwakilishi wao katika baraza la kutunga sheria. Mtu aliyeingia koloni kama mstari katika sajili akawa miongoni mwa wanaojadili sheria. Hata hivyo, tusimsome kama ushahidi kwamba lango lilisema kweli. Lango lilimfanya mtendwa. Ezzidio alijifanya mtendaji.

Darasa na lugha

Elimu nayo ilikuwa na nyuso mbili. Shirika la kimishonari la Kanisa la Uingereza, CMS, lilianzisha chuo cha Fourah Bay mwaka 1827, shule ya sekondari ya wavulana mwaka 1845, na shule ya wasichana mwaka 1849. Wavulana walifundishwa Kiingereza, hisabati, jiografia, Biblia, Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1876 Fourah Bay ilihusishwa na Chuo Kikuu cha Durham, hivyo wanafunzi wake waliweza kupata shahada bila kuvuka bahari.

Lengo la mtaala huu lilikuwa kumtoa Mwingereza mweusi. Matokeo yake hayakutii lengo hilo daima. Samuel Ajayi Crowther, aliyetekwa mwaka 1821 akiwa kijana na kukombolewa mwaka 1822, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Fourah Bay. Mwaka 1843 alichapisha kitabu cha msamiati wa Kiyoruba, baadaye akashiriki kuitafsiri Biblia kwa lugha hiyo, na mwaka 1864 akawa askofu. James Horton, mwana wa Waigbo waliokombolewa, alisomea udaktari Uingereza na Uskoti, akajiongezea jina Africanus, na mwaka 1868 akachapisha kitabu cha kuwapinga waliodai kuwa Mwafrika hana uwezo wa kujitawala.

Nje ya darasa, wakazi wa Freetown walikuwa wakikuza lugha yao, Krio, yenye msamiati mwingi wa Kiingereza uliochanganywa na Kiyoruba na lugha nyingine. Wasomi wengi waliidharau wakiiita Kiingereza kibovu. Leo Krio ndiyo lugha ya mawasiliano ya takriban nchi nzima. Mwanafunzi wa isimu jamii na asisahau: lugha isiyoandikwa langoni yaweza kuishi kuliko iliyoandikwa.

Tangazo lililozaa vita

Mwaka 1896 Uingereza ilitangaza himaya juu ya maeneo ya bara, na Gavana Frederic Cardew akatangaza kodi ya nyumba, shilingi 5 kwa nyumba ndogo, ikusanywe kuanzia 1898. Machifu walipeleka maombi ya kuipinga wakieleza kuwa mtu anayelipia nyumba yake huwa kama mpangaji ndani yake. Hawakusikilizwa. Vita vikazuka, na Bai Bureh akaongoza upinzani kaskazini hadi alipokamatwa Novemba 1898. Inasimuliwa kwamba Cardew alipotangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayemkamata, Bai Bureh alijibu kwa kuahidi pauni 500 kwa atakayemleta gavana. Simulizi hiyo imependwa kwa sababu inampa mtendwa kalamu ya mtangazaji. Mjumbe aliyetumwa kuchunguza, Sir David Chalmers, alipendekeza kodi iondolewe, lakini pendekezo lake likatupwa.

Hapa kwetu

Mambo haya si ya mbali. Mwaka 1875 shirika lilo hilo la CMS lilianzisha makazi ya waliokombolewa karibu na Mombasa, yakaitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Baadhi ya walimu wake walikuwa Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa baharini. Kanuni za kodi ya nyumba zilitolewa huku mwaka 1901, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mwanamume Mwafrika akalazimishwa kubeba kipande. Kipande, kama sajili ya Freetown, kiliandika mtu ili kumdhibiti. Ukikutana nacho katika riwaya au shairi, kisome kwa maswali yale yale.

Hitimisho

Kwa muhtasari, lango, gazeti na mtaala vilizungumza kwa sauti ya mtawala, lakini watu walivitumia kwa malengo yao: walinunua mnadani, waliandika kwa lugha zao, walijibu matangazo. Mwalimu, mwanafunzi anapotunga tangazo, mfunze muundo wake ipasavyo. Kisha mtake aseme ni nani asiyeweza kulisoma na ni nani angelipinga. Kwa mazoezi, mwulize:

1. Andika upya maandishi ya lango la Freetown kwa sauti ya aliyekombolewa, ukitumia kauli ya kutenda.
2. Linganisha sajili na kipande kama matini. Vinafanana na kutofautiana vipi?
3. "Ukimya wa matini ni sehemu ya maudhui." Jadili kwa kurejelea kazi moja ya fasihi uliyoisoma.