Upande wa Mama: Maisha ya Miji Yetu ya Pwani Zama za Kati

Watoto wetu waliozaliwa huku Ghuba, wakipitishwa kando ya maji pale Deira, huuliza swali moja kwa namna nyingi: majahazi kama haya yalikuwa yakienda kwetu? Jibu ni ndiyo, na tangu kale mno. Lakini swali hilo huzaa jingine, nalo ndilo tunalobishania kila harusi inapotukusanya: asili yetu sisi ni ipi? Mmoja hutoa shajara, mwengine hutaja Shirazi, wa tatu hutaja Oman, na wote hutaja wanaume watupu. Katika kurasa hizi ningependa tutazame upande ambao shajara hazikuuandika, kwa kuuliza habari za kawaida kabisa. Katika miji ya pwani yetu, baina ya karne ya 10 na ya 15, watu walikula nini, walilala wapi, walivaa nini, na mwenye nyumba alikuwa nani?

Wale wetu tuliosoma skuli za wakati wa Mwingereza tulifundishwa Zama za Kati kana kwamba ni mali ya Ulaya. Tuliujua mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza, tukawajua mabwana wa ngome na wakulima wao waliokuwa hawana ruhusa ya kuhama shamba la bwana. Hakuna aliyetwambia kuwa miaka 41 tu baadaye, mwaka 500 wa Hijra ambao ni 1107 Miladi, mafundi walikuwa wakichonga herufi za Kufi katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini Unguja. Maandishi yapo hadi leo.

Turudi Deira. Waarabu huita mahali pale khor, nasi kwa Kiswahili husema hori. Neno ni lile lile, limevuka bahari pamoja na mizigo. Kabla ya mafuta, mzigo mkubwa uliotoka kwetu na kushushwa Ghuba ulikuwa boriti za mikoko, ambazo wenyeji wa hapa huziita chandal. Dari za nyumba za kale za Deira na Shindagha zilishikwa na boriti hizo, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti, kama mita tatu hivi. Nenda Lamu, nenda kwenye magofu ya Songo Mnara karibu na Kilwa, utakuta upana ule ule kwa sababu ile ile. Na biashara hii si ya juzi. Al-Istakhri, aliyeandika karne ya 10, anasema kuwa nyumba za Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Iran, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj.

Lakini jahazi halikati boriti. Aliyeingia matopeni na shoka, aliyemlisha mkataji, aliyemfinyangia chungu na kumchotea maji, ndio watu ninaowatafuta.

Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akaenda Kilwa. Alikuwa mtu wa kupenda chakula na hakuona haya kukieleza, jambo ambalo wanahistoria tunapaswa kumshukuru. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando, na kando yake achari ya ndimu, pilipili za siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Anasema mtu mmoja wa mji ule hula sawa na watu kadhaa wa kwao, na kwamba ni wanene mno. (Pilipili hizo, tusisahau, si hizi kali tunazozijua, kwa sababu zile zilitoka Marekani baada ya 1492.) Mombasa hali ilikuwa nyengine: hakuna nafaka kisiwani, huletwa kutoka bara ya pwani, na watu hula ndizi na samaki. Aliwasifu kwa dini, akaandika kuwa misikiti yao ni ya mbao, imejengwa imara, na penye kila mlango wa msikiti kuna kisima kimoja au viwili na kata ya mti yenye mpini. Mtu huosha miguu, hujifuta kwenye mkeka, ndipo aingie. Watu walitembea miguu mitupu.

Hebu mwulize bibi yeyote wa kwetu akupikie bila muhogo, bila mahindi, bila nyanya, na bila karafuu. Atacheka. Lakini jiko la siku zile halikuwa na hata kimoja: mihogo, mahindi na nyanya zilitoka Marekani pamoja na pilipili, na mikarafuu haikupandwa Unguja mpaka mwanzo wa karne ya 19. Wachimbuaji wa Pemba wamekuta makaa ya nafaka za kale huko Tumbe na Chwaka. Mwanzo, tangu karne ya 7, uwele ndio uliotawala. Kuanzia karne ya 11 mchele unaongezeka, na nazi nayo inaongezeka. Vyombo vinabadilika pia. Yanatokea mabakuli mapana ya wazi, ya watu kula pamoja na kuonyeshana ukarimu. Wali wa karamu tunaoujua, basi, ulikuja polepole, na aliyeuleta mezani ni mkulima wa bondeni na mpishi wake.

Majumba ya makumbusho hutuonyesha sahani za China, nazo ni nzuri. Mabakuli ya China yalipachikwa katika kuta za makaburi na mihrabu. Ila mwenye kuchimba huzihesabu sahani hizo kwa chache tu. Vigae vinavyojaza makapu yake ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapo hapo mjini, vyeusi kwa masizi. Huko Tumbe walikuta pia mawe na vigae vingi vyenye mifereji, vilivyotumika kusagia shanga za kombe. Kilwa na Songo Mnara vimepatikana vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo ni vigurudumu vya pia za kusokotea uzi wa pamba. Kwa hiyo nguo haikuwa ikiingia tu kwa jahazi, ilifumwa kwetu. Ibn Battuta anasema nguo za Mogadishu hazikuwa na mfano na zilipelekwa mpaka Misri.

Nyumba nazo zina hadithi yao. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilichimbuliwa miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe wakakuta misikiti mengine ya kale zaidi, mmoja juu ya mwengine, mpaka kwenye vishimo vya nguzo vya msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Mji ule ulianza kwa miti, udongo na makuti, ukageuka mawe hatua kwa hatua mahali pale pale, kama mtu anayekua bila kubadilisha jina. Mawe ya matumbawe hukatwa yakiwa mabichi kutoka baharini, hapo huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka yakawa magumu. Katika nyumba za Songo Mnara za karne ya 14 na 15 mgeni alikaa nje barazani au uwanjani, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyoingia kwa wenyewe, na vyoo vimo humo humo ndani. Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa na birika la kuogea la pembe nane likitazamana na bahari. Sitaki kuwacheka Wazungu wa wakati huo. Nao walikuwa na mahamamu mijini mwao. Tena tusijidanganye, Ibn Battuta alisema wazi kuwa mji wa Kilwa ulijengwa kwa miti. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache.

Sasa vipi mgeni wa baharini aliingia humo ndani? Kwa upepo na kwa desturi. Kaskazi ilimleta, kisha ikambidi angoje kusi imrudishe, na chombo kilichochelewa kililala mwaka mzima. Mgeni huyo hakuwa huru kujiuzia. Mogadishu, Ibn Battuta anaeleza, chombo kikifika vijana wa mji walikitokea kwa mashua, kila mmoja ameshika sahani iliyofunikwa yenye chakula, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alifikia nyumbani kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyempunja mgeni au kumuuzia kitu nyuma ya mwenyeji wake, biashara hiyo ilihesabiwa batili. Tutazame vizuri mamlaka yalikuwa kwa nani. Mwenye mji alikuwa mwenye sahani.

Na kutoka mgeni hadi mkwe si mbali. Taarikhi ya Kilwa inasimulia vyombo saba, baba na wanawe sita kutoka Shirazi, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizunguka. Hadithi hiyo tunaipenda. Lakini masimulizi ya wenyeji wa Kilwa yanaongeza kuwa mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mkubwa wa kisiwa, na mtoto wa ndoa hiyo alipokwenda bara kumtazama babu yake mzaa mama, babu akamwachia ufalme. Na Mreno João de Barros, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552, anasema Ali mwenyewe, yule wa Shirazi, alidharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Hata katika hadithi ya wanaume, mama ndiye ufunguo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa baina ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ikiwamo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na sehemu hiyo imepita zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya Asia, na katika hiyo ya Asia, 80 hadi 90 kwa mia ni ya wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Baada ya 1500 asili ya Arabuni ndiyo inayoongezeka. Kwa hiyo aliyesema Shirazi hakusema uongo, wala aliyesema sisi ni watu wa pale pale hakusema uongo. Walichosahau wote wawili ni kuwa mmoja anasimulia habari za baba na mwengine za mama. Tukumbuke tu kuwa mifupa hiyo ni ya waliopata makaburi ya heshima karibu na misikiti. Mvuvi na mtwana ni vigumu kuwapata humo.

Na hapa liko jambo ambalo hutiwa pazia katika mabaraza yetu. Si kila mama aliingia nyumbani kwa mahari. Ibn Battuta alimsifu Sultani al-Hasan wa Kilwa, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake, akasimulia vipi alimvulia fakiri kutoka Yemen nguo zake mwenyewe. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na Sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Tunausoma ukarimu, tunawapita wale watu ishirini. Walikuwa na majina na mama zao. Ulaya nako hakukuwa safi; kitabu cha hesabu ya Uingereza cha mwaka 1086 kilihesabu watumwa kadiri ya mmoja katika kila kumi ya walioandikwa. Lakini tunazungumza juu ya nyumba zetu. Baadhi ya bibi waliotuzaa walikuwa masuria, na shajara iliyoandika baba kumi na wanne mfululizo bila mama hata mmoja haikusahau kwa bahati mbaya.

Wazee wetu wa Oman kwa wingi walikuja baadaye sana, baada ya Ngome ya Yesu kuanguka mwaka 1698, na zaidi Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja mwaka 1832. Wakakuta miji ipo, majiko yanawaka, nao wakaoa. Kilichotokea ndani ya nyumba zao kilikuwa kimeshatokea kwa wengine miaka mia saba au mia nane nyuma. Sikiliza tu maneno. Ukisimama gatini Deira, nahodha, rubani na bandari ni maneno ya Kiarabu na Kiajemi, yameingia na vyombo. Ukiingia jikoni, sahani na birika ni za wageni, lakini chungu, jiko, mwiko, kinu, mchi na ungo ni za wenyewe. Al-Masudi, aliyesafiri mara ya mwisho mwaka 916 kutoka Qanbalu kurudi Oman, kisiwa ambacho wengi wanaona kuwa ni Pemba, aliandika kuwa watu wa kisiwa hicho ni Waislamu, na lugha yao ni ya Kizanj.